Siku Niliyousikia Muziki wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kuishi nami Pasiansi, hapa Mwanza, mwaka ule kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi kwa mara ya pili. Alikuja na begi moja, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, redio kaseti kubwa yenye spika mbili, na boksi la viatu lililojaa kaseti. Nilimpokea begi na godoro. Boksi hakunipa, alilibeba mwenyewe kifuani, nami nikasema moyoni, haya, mwanaume mzima anarudi nyumbani kwa baba na mali yake ni kaseti.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Nilizaliwa wa kwanza, nikaolewa, nikaachika, nikarudi na cherehani yangu ya miguu kwenye nyumba aliyotuachia baba, na tangu hapo sikumruhusu mtu anipangie maisha. Nilishona barazani. Mitumba ilikuwa imeingia kwa nguvu, marobota yakifunguliwa sokoni kila wiki, na wanawake waliokuwa wakinishonesha magauni ya Krismasi sasa walivaa ya Wazungu waliyoyachoka. Kilichoniokoa ni sare za shule, maana hakuna Mzungu anayevaa sketi ya bluu ya marinda akaichoka akatuletea. Kila Desemba na Januari niliinamia cherehani mpaka shingo ikakakamaa.

Yeye alikuwa ndiye msomi wetu. Serikali ilimpeleka Ulaya ya Mashariki akasomea mitambo kwa miaka sita, enzi zile nafasi hizo zilikuwepo, na aliporudi alipewa kazi ya kusimamia mashine za kufuma. Tulijivuna naye mtaa mzima. Halafu kiwanda kikaanza kupungua pumzi, idara moja ikafungwa, kisha nyingine, na yeye akaambiwa ahame nyumba ya kampuni kabla ya mwisho wa mwezi. Ndege za mizigo zilikuwa zikipita juu ya paa letu kubeba minofu ya sangara, naye akasema samaki wa ziwani sasa ndio wanaopata safari za Ulaya, wasomi wanarudi kwa dada zao. Alilisema hilo akicheka, na mimi nilicheka naye.

Jioni ile ile akaiwasha redio yake.

Mimi muziki naujua. Nimekulia kwenye ngoma, nimecheza dansi ujanani, na kanisani nimeimba sauti ya pili kwa miaka. Muziki wa dansi unaanza na gitaa, gitaa linabembeleza kidogo, waimbaji wanaingia, wanasema shida yao, kisha magitaa yanachangamka na watu wanainuka. Huu wa mdogo wangu ulianza na dundo moja. Likapiga, likapiga tena, likaendelea kupiga sawasawa kama mtu anayetwanga bila kuchoka wala kubadilisha mkono. Juu yake ikaja sauti nyembamba ambayo haikuwa filimbi wala zeze wala gitaa, ikawa inazunguka pale pale. Nikajua huo ni utangulizi. Nikabandika maji ya ugali nikimsubiri mwimbaji. Nikasonga, nikapakua, tukala, nikaosha vyombo, na mwimbaji hakuwa amefika.

Nikamuuliza mwimbaji anaingia saa ngapi.

"Usimsubiri, dada," akasema. "Hakuna anayekuja."

Nilidhani ananitania, kama kawaida yake. Siku chache baadaye alipokwenda mjini kufuatilia mafao yake, nilichukua kaseti moja kwenye lile boksi, nikaisokomeza kwenye mkoba, nikaenda kwa fundi redio karibu na soko. Nilimweleza kwamba kaseti hii imeharibika, maneno yote yamefutika imebaki midundo tu, aone kama anaweza kuyarudisha. Fundi alifuta hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti, kwa pamba na spiriti, akaicheza, akaigeuza, akaicheza tena. Wateja wakasogea. Mmoja akasema hiyo ni sauti ya mashine za kiwanda cha minofu, mwingine akasema huenda ni ujumbe wa siri wa majeshi. Mwishowe fundi akanirudishia na kuniambia kwa upole, kama daktari anayempa mtu majibu, kwamba kaseti ni nzima kabisa na hivi ndivyo ilivyorekodiwa.

Mdogo wangu aligundua, kwa sababu niliirudisha ikiwa upande tofauti na alivyoiacha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa wiki nzima kila aliyekuja kutusalimia alihadithiwa jinsi dada alivyopeleka kaseti hospitali. Nilinuna, lakini kwa kweli nilifurahi kumsikia akicheka vile, maana tangu arudi alikuwa hacheki na mwili wote.

Akanieleza kwamba muziki huo unatengenezwa kwa vinanda vya umeme na mashine zinazopigishwa midundo. Nikamuuliza, basi mtu aliyekaa pale anafanya nini? Akasema anabonyeza, anasubiri, anasikiliza, anabonyeza tena. Kwangu hiyo haikuwa kazi ya mwanamuziki, ilikuwa kazi ya mlinzi wa getini. Baba yetu alikuwa mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha kulima kwa ngoma, ng'ambo ya Igoma kwenye njia ya Musoma, na watu walitembea toka vijiji vya mbali kuja kumsikia akiwasema wapinzani wake mpaka wakatamani kuondoka. Wimbo kwetu una mwenyewe. Unajua nani kautunga, kamtungia nani, na nani kaudhika. Huu wa kwenye boksi la viatu ulikuwa barua isiyo na jina la aliyeiandika, na kaseti zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwa peni, kwa lugha ambayo ni yeye peke yake nyumbani aliyeweza kuisoma.

Mwaka wa pili akaanza kukonda.

Sitautaja ugonjwa, kwa sababu hata wakati ule hatukuutaja. Tuliupa majina ya utani tukiwa mbali na mgonjwa, na tukiwa mbele yake tuliuita malaria, tumbo, uchovu. Alikohoa, akapona, akakohoa tena. Hospitali ilimrudisha nyumbani na vidonge ambavyo mimi na yeye tulijua ni vya kutupa kitu cha kushika mkononi. Nikahamishia kitanda chake kwenye chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama baraza, ili nikiwa kwenye cherehani nimsikie akiniita. Redio niliiweka kwenye stuli karibu na kichwa chake. Ilikuwa ya kujigeuza yenyewe, upande mmoja wa kaseti ukiisha inaanza upande wa pili, na wa pili ukiisha inarudi wa kwanza, bila mtu kuigusa, na jambo hilo lilimfaa kwa kuwa kuinuka kulikuwa kunamchosha.

Watu walikuja kumwona. Ndugu, watu wa kanisani, wenzake wa kiwandani waliobaki. Wote waliingia na sura ile ile, na wote walimwambia jambo lile lile, kwamba leo ana nafuu, kwamba amenenepa kidogo. Mtu ambaye mkanda wake nimeutoboa matundu mapya mara tatu, wanamwambia amenenepa.

Siku moja walipoondoka aliniomba niache kazi, niingie ndani, nikae kwenye kiti mikono mitupu, nisikilize upande mmoja wa kaseti mpaka mwisho. Nilikuwa na kitambaa cha mtu mezani kinanisubiri, lakini nikakaa. Dakika arobaini na tano. Nilitazama ukuta, nikatazama miguu yangu, nikamwazia mwenye kitambaa. Upande ulipoisha akapunguza sauti na kuniuliza nimeonaje. Nikasema ni mzuri.

"Umesikia nini?"

Nikasema, mzuri tu, umetulia.

Akatikisa kichwa. "Dada, kila anayeingia humu ananidanganya," akasema. "Wewe usinidanganye. Bora unitukane."

Basi nikamwambia ukweli. Nikasema sijasikia kitu, nimesikia mashine, na kama angeniachia dakika tano zaidi ningesinzia. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikaisha. Alipopata pumzi alisema vizuri, hilo ndilo alilolitaka. Halafu akasema, siku nikiusikia kweli nimwambie. Asingeuliza tena, angesubiri.

Nikamwahidi. Ni ahadi ndogo ukiitazama, mtu kusikia muziki, lakini kwa mgonjwa yule mambo yote makubwa yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Kazi ilishaondoka, mwanamke aliyekuwa amchumbie alishaolewa kwingine, mwili nao ulikuwa njiani. Hakuwa na kitu kingine alichokuwa akikisubiri kutoka kwa mtu yeyote. Nilikitaka kitu kile nimpe kabla hajaondoka, na nilikitaka kiwe cha kweli.

Nikajitahidi kama mtoto anayesomea mtihani. Nilisikiliza nikipepeta mchele, nikifua, nikimwogesha. Nilihesabu mapigo. Nilimwuliza maswali naye akajibu kwa sauti ya chini, akipumzika kati ya maneno. Aliniambia kule alikosoma alikaa chumba kimoja kidogo, na baridi ilipokaza alikuwa anaweza kumaliza siku nne hajazungumza na mtu. Lugha yao aliijua ya darasani tu. Jina lake hakuna aliyeweza kulitamka, mwishowe akawa anaitikia lolote. Kijana wa chumba cha jirani ndiye aliyemnakilia kaseti ya kwanza. "Nyimbo zao zote zilikuwa zinaongea na wenyewe," akasema. "Hii haikuniuliza nimetoka wapi." Nililielewa neno hilo, na usiku huo nilimwonea huruma ya miaka sita niliyokuwa najivuna nayo. Lakini kuelewa maneno si kusikia muziki, na nilijua kwamba naye anajua.

Kuna siku nilidhani nimefika. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, tukawa tunatumia betri, na betri zikichoka nilizianika juani kwenye bati zipate nguvu kidogo. Mchana mmoja muziki ulitoka taratibu, mzito, dundo likijikokota kama linatembea kwenye matope, na ile sauti nyembamba ikawa inalia kwa chini. Ulinishika kifuani. Nikaacha kukata kitambaa, nikaenda mlangoni na machozi yakinilengalenga, nikamwambia kwamba huu wa leo nimeusikia, huu una huzuni.

Akanitazama kwa upendo mwingi. "Hizo ni betri, dada," akasema. "Zinakufa."

Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilikwenda jikoni nikalia kidogo kwa hasira. Hata kilio changu kilikuwa cha betri.

Na kuna siku nyingine ambayo nisingependa kuieleza, lakini nikiiruka nitakuwa nimejipendelea. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja kumwombea. Muziki ulikuwa unadunda, na mmoja wao akauliza, si kwa ubaya, kama tuna uhakika mgonjwa anapaswa kusikiliza kitu kisicho na sauti ya binadamu wala jina la Mungu. Niliona aibu. Niliingia nikachomoa waya ukutani, wala sikubonyeza kitufe, nikamwambia mbele yao kwamba katika nyumba hii baba yetu aliimba na watu wakalia, na yeye anatuletea kelele yatima. Akageuzia uso ukutani. Waliomba, wakaimba, wakaondoka. Siku tatu redio ilikaa kimya, na mimi kwa kiburi changu sikuuchomeka waya, naye kwa kiburi cha baba yetu hakuniomba. Siku ya nne nikauchomeka bila kusema kitu, naye akasema asante bila kunitazama. Nimemkosea mdogo wangu mambo mengi, kama dada yeyote, lakini hilo la siku tatu bado linanikereketa, kwa sababu hakuwa na siku za kupoteza.

Ikaja Januari. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nilikuwa na rundo la sketi za watoto, zote za marinda, zote za kitambaa kile kile cha bluu. Asubuhi ile nilimnywesha uji saa mbili. Alimeza vijiko sita, akageuza uso. Nikamfuta midomo, nikamgeuza ubavu, nikamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye redio. Umeme ulikuwepo. Nikaweka kaseti iliyokuwa juu ya boksi, nikaurudisha mlango bila kuufunga, nikatoka barazani.

Marinda ni kazi ya mistari mirefu iliyonyooka. Unakunja, unapitisha mshono, unakunja, unapitisha mshono, na mguu haupumziki kwenye pedali. Saa nne jirani yetu alipita na beseni lake la vitumbua. Alikuwa mjane mtu mzima, Mwislamu, ambaye wazee wake walikuja Mwanza zamani kwa biashara wakabaki, na katika mtaa wetu yeye ndiye aliyeitwa mtoto akizaliwa na mtu akikata roho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mgonjwa ameamkaje. Nikamwambia si unamsikia mwenyewe, anasikiliza vitu vyake. Akacheka, akasema basi leo ni mzima, akaendelea na safari yake.

Kaseti ilijigeuza tena. Nilimaliza sketi ya pili nikaanza ya tatu. Sijui ilianza wapi. Ninachojua ni kwamba niliangalia mguu wangu nikaukuta unakwenda na lile dundo, na si mimi niliyeupeleka, ulikuwa umejiendea wenyewe, pengine kwa muda mrefu. Nilitaka kuusimamisha kwa ubishi. Nikaona nikiusimamisha mshono utapinda, nikauacha.

Na hapo nikarudi shambani. Nilikuwa na miaka kama kumi, siku yangu ya kwanza kuingia kwenye mstari wa kulima na kikundi cha baba. Ngoma mbele, majembe nyuma, yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mikono iliniuma nikataka kukimbia, halafu ikafika mahali haikuwa yangu tena, ilikuwa ya mstari. Nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa: kwamba baba hakuwa akiimba muda wote. Aliimba beti mbili tatu kisha akanyamaza, na ngoma ikaenda peke yake kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho wa tuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mwimbaji yuko wapi. Tulikuwa ndani ya ngoma. Mpigaji alikuwa akibadilisha kidogo sana, pigo moja hapa, pigo moja pale, na mgongo wako ulijua kabla ya sikio.

Basi nikausikia. Ile sauti nyembamba niliyoona kwa miaka miwili inazunguka pale pale haikuwa pale pale. Ilikuwa inasogea. Kila mzunguko ulikuwa umeacha kitu kidogo na kuokota kingine, na nilipoanza kuufuata nikaona tumekwishakwenda mbali, nyuma hakuonekani, na dundo bado linatubeba kwa uvumilivu ule ule. Haukuwa muziki wa huzuni wala wa furaha. Ulikuwa unamchukua mtu alivyo. Nikaelewa jinsi kijana wa miaka ishirini na miwili, peke yake kwenye chumba cha baridi, alivyoweza kukaa ndani yake siku nne.

Niliangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. Saa tano na dakika kumi. Niliiangalia kwa makusudi, kwa sababu nilimjua, angetaka ushahidi. Angesema, ulisikia saa ngapi, upande gani, ilikuwaje? Nilitaka kumjibu yote.

Ningeinuka wakati ule ule. Sikuinuka. Ulikuwa unanipendeza, na nilitaka kuufikisha mwisho wa upande. Nikachukua sketi nyingine. Nikaishona yote, marinda yote, mshono wa kiunoni, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu ujana wangu, na nimewahi kujiuliza kama nina haki ya kuikumbuka.

Ilipokaribia saa sita nikakata uzi, nikaingia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha kusogeza pazia, nikaanza kusema nikiwa nimempa mgongo. Nikamwambia, mdogo wangu, nimeusikia, na leo umeme upo, usiniambie ni betri. Nikamweleza habari ya tuta, ya baba kunyamaza, ya ile sauti inayosogea. Nilikuwa nacheka. Nilisema mengi kabla sijageuka.

Alikuwa ubavu ule ule niliomlaza. Macho hayakuwa yamefungwa vizuri.

Kwetu mtu akifa, redio inazimwa kwanza. Hata ikiwa ni msiba wa nyumba ya kumi, mtaa mzima unazima, na mtoto akisahau anachapwa. Niliijua desturi hiyo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikaa kwenye kile kiti, mikono mitupu, na muziki ukaendelea. Sikupiga yowe. Kama ningepiga yowe ilibidi nizime, na kama ningezima ilikuwa imekwisha. Nikamrudia kumweleza toka mwanzo, taratibu, kwa mpangilio, nikimshika mkono ambao ulikuwa umepoa.

Jirani ndiye aliyetukuta, akirudi na beseni tupu. Alisimama mlangoni, akaona. Aliingia akamgusa paji la uso, akamgusa shingo, akajaribu kumnyoosha mkono nao ukakataa. Akamfunga macho. Kisha akanigeukia.

"Zima redio, mwanangu," akasema, "tupate kulia."

Nikabonyeza kitufe. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu ametutoka mapema, pengine hata uji wa asubuhi haukuwa umeshuka vizuri, na nisijisumbue, hakuteseka. Nikamwuliza mapema saa ngapi. Akasema, mwanangu, mkono huu umeshakakamaa, mimi nilipopita na vitumbua alikuwa ameshakwenda. Ndipo nikapiga yowe, na nikasikia redio za mtaani zikizimwa moja baada ya nyingine.

Maneno yalisemwa, bila shaka. Walisema nyumba ile ilipigisha muziki juu ya maiti mpaka mchana, na dada mtu anashona sare barazani. Na yalikuwa kweli.

Tulimsafirisha kumzika karibu na baba, ng'ambo ya Igoma. Kabla ya kutoka nyumbani, mzee wa kanisa alikaa na daftari kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, akaanza kuugua lini. Nilijibu yote sawasawa. Alipofika mwisho akaniuliza alifariki saa ngapi, akiwa ameinua kalamu. Jirani yetu alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni yangu.

Nikaikumbuka saa ya ukutani, saa tano na dakika kumi, nikasema saa tano na nusu.

Jirani aliinua uso akanitazama. Aliujua ukweli, na alijua kwamba naujua. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea na tasbihi yake. Mzee wa kanisa akaandika, na makaburini wakasoma hivyo hivyo mbele ya watu wote, kwamba mdogo wangu alikuwa hai mpaka saa tano na nusu.